Ngome njema si lango

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, mzazi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alitujia na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi tano za miraba, zimechorwa kwa kalamu ya risasi na kutiwa rangi, pamoja na dadu moja ya ajabu yenye nyuso ishirini. Karatasi zile zilikuwa ramani za ngome. Mnara huku, daraja la kuvutwa kwa minyororo kule, ngazi zishukazo chini kwa chini, na kila chumba kina nambari yake.

"Haya ni ya kijana wangu wa miaka kumi na sita," alisema. "Yeye na wenzake hukaa barazani kutoka Isha hadi usiku mkubwa wakisemezana habari za majini na wachawi wa ngomeni. Nimeyachukua niyachome moto, lakini mamake kanizuia. Kaniambia niulize kwanza. Basi nauliza, Bwana Mhariri: ni ya kishetani haya, au si ya kishetani?"

Mzee huyo amefanya jambo la busara, kwani kuuliza si ujinga. Na kwa kuwa twajua kwamba si yeye peke yake mwenye swali hili, twaona yafaa tumjibu hadharani.

Mchezo wenyewe waitwa Dungeons & Dragons, yaani Magereza ya Chini kwa Chini na Majoka. Hauna mashimo kama bao letu, wala kete za kulana kama drafti. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao ndiye msimulizi. Waliosalia kila mmoja huwa ni mtu katika hadithi: huyu askari, huyu mwizi, huyu mchawi. Msimulizi husema, "Mmefika mlangoni. Mlango ni wa mbao nzito, nao umefungwa kwa ndani. Mwasikia maji yakitiririka. Mwafanyaje?" Nao hushauriana na kumjibu. Lile ambalo halijulikani litakuwaje, huamuliwa na dadu. Hakuna mshindi wala mshinde. Hadithi ya leo huendelea kesho, na huweza kuchukua miaka. Kwa ufupi, ni paukwa-pakawa ambayo msikilizaji naye amepewa sauti.

Yafaa wazazi wajue kwamba ngome haikutiwa katika mchezo huu baadaye kama pambo. Ngome ndiyo mama yake. Mwaka 1971, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul huko Minnesota, Marekani, kijana Dave Arneson alianza kuwakusanya wenzake waliozoea michezo ya vita ya askari wa sanamu. Aliweka mezani ngome ndogo ya plastiki, akaiita Blackmoor, na chini yake akachora njia za siri, tabaka chini ya tabaka. Mwaka 1972 alikwenda Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax. Gygax alikuwa mtu wa bima aliyepoteza kazi yake, akawa anatengeneza viatu nyumbani ili kupata riziki ya watoto. Aliupenda mchezo ule papo hapo. Naye akachora ngome yake, Greyhawk, na watu wa kwanza kuingia humo walikuwa wanawe wawili, Ernie na Elise. Januari 1974 mchezo ukachapishwa: sanduku moja, vijitabu vitatu, nakala 1,000 tu.

Kwa nini ngome, wala si msitu au soko? Sababu ni ya ufundi. Msituni mtu huweza kwenda popote, na msimulizi akatoka jasho kubuni yasiyo na mwisho. Ndani ya ngome mna kuta. Msimulizi ahitaji kujua vyumba sitini tu, wala si dunia nzima. Kila mlango ni swali, na kila njia panda ni shauri la watu watano. Tena ngome ina tabaka: kadiri mnavyoshuka ndivyo hatari na mali zinavyozidi, na wachezaji wenyewe huamua wakomee wapi leo. Vijitabu vya 1974 vilimtaka msimulizi achore ramani zisizopungua sita za tabaka za chini kabla hajamkaribisha mtu. Kwa hiyo kijana mwenye karatasi tano hajafika hata kiwango!

Lakini kisa cha Blackmoor kina jambo ambalo twaomba vijana walisikilize. Arneson aliwapa wenzake ngome ile wailinde. Wao wakanogewa na mashimo yaliyokuwa chini yake, wakashinda humo wakitafuta hazina. Walipokuwa wakihesabu dhahabu gizani, adui akaja kwa juu akaitwaa ngome yenyewe. Mashujaa wakafukuzwa kwao wakawa wageni ugenini. Waliuacha mlango wazi kwa kutamani kilicho shimoni. Tutairudia habari hii.

Sasa tuje kwenye hofu ya mzee wetu. Si yeye wa kwanza kuwa nayo. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan State alipotea, na magazeti ya Marekani yakavumisha kwamba mchezo huu umemtia wazimu katika njia za mvuke zilizo chini ya chuo. Kijana alipatikana hai katika jimbo jingine, na ikadhihirika kwamba shida zake zilikuwa nyingine kabisa. Hata hivyo uvumi ulikuwa umekwisha kuota miguu. Mwaka 1982 ikatolewa sinema ya televisheni juu ya jambo hilo, na mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akaanzisha chama cha kuupinga mchezo. Makanisa mengi yalihubiri dhidi yake. Miaka ikapita, watoto wale wakawa madaktari, walimu na wazazi, na madai kwamba mchezo wenyewe huua au hutia wazimu hayakuthibitishwa. Twasema hivi si kwa kuwadharau waliohofu. Mzazi asiyehofu si mzazi. Ila hofu ni taa ya kumulikia, si kiberiti cha kuchomea.

Kuhusu dadu, hapo twanena kwa adabu. Kamari ni haramu, na hilo halina mjadala. Wanavyuoni wetu wengi wamekataza hata mchezo wa dadu usio na fedha, kwa ajili ya hadithi za Mtume (S.A.W.) juu ya mchezo wa nardi, na wengine wamelifafanua jambo hilo kwa upana zaidi. Gazeti halitoi fatwa. Mwenye swali na awaendee mashekhe wake. Lakini yafaa ijulikane kwamba mchezo huu hausimami kwa dadu. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, kampuni iliyouza mchezo ilitia ndani ya sanduku vikaratasi vyenye nambari, mtu akachomoa kimoja kikombeni. Na mwaka 1991 ukatoka mchezo wa jamii hii uitwao Amber, ambao hautumii dadu wala karata wala kitu chochote cha bahati: msimulizi hupima akili na nguvu za kila mtu, akaamua. Nao pia, ajabu, makao yake ni ngome. Basi dadu ikiondoka ngome yabaki. Kwa maoni yetu, la kuchunguzwa zaidi ni hiyo ngome.

Nasi tulizichungua zile karatasi tano mbele ya mwenyewe. Kijana ana mkono mzuri, mashallah. Lakini tulipomaliza tulikuwa na maswali mawili, na hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike.

La kwanza: kisima kiko wapi? Katika vyumba sitini na vitatu hatukuona kisima, wala jiko, wala ghala ya nafaka, wala choo. Tuliona majoka manne katika vyumba visivyo na mlango wa kuwatosha. Waliingiaje? Wanakula nini?

La pili lilituuma zaidi. Karatasi ya tano, tabaka ya chini kabisa, chumba cha mwisho, ameandika kwa mkono wake: "Mfalme wa wabaya. Mchawi. Kilemba, jambia, ndevu ndefu." Huyu ni kijana ambaye babu yake avaa kilemba siku ya Idi, na jambia la ukoo limetundikwa ukutani kwao. Hakuna aliyemwamuru aandike hivyo. Ameyaokota tu, kama mtu aokotavyo mafua, katika sinema na vitabu na picha za simu. Ameichora ngome, akajiweka nje ya lango pamoja na mashujaa, na babu yake akamweka ndani apate kuuawa.

Mzee alikuwa na wasiwasi wa majini. Sisi wasiwasi wetu ni huu.

Dawa ya maswali yote mawili ni moja, nayo waligundua wachezaji wenyewe. Tracy Hickman na mkewe Laura, huko Marekani, walikuwa wakicheza siku moja wakamkuta mnyonya damu, aina ya mumiani wa masimulizi yetu, amewekwa tu chumbani pamoja na vijidudu vingine. Hickman akajiuliza: huyu afanya nini hapa? Kutoka swali hilo wakatunga ngome ya Ravenloft, iliyochapishwa mwaka 1983, na ambayo hadi leo yahesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa katika mchezo huu. Mwenye ngome, Strahd, ana habari yake: alikuwa mpiganaji, akazeeka vitani, akamtamani mchumba wa ndugu yake, akamwua ndugu yake. Kila chumba cha ngome kina alama ya dhambi ile. Mchezaji aingiapo humo hakuti nyama wa kuchinja. Akuta mtu aliyejiangamiza mwenyewe, naye humwogopa na kumfahamu kwa pamoja. Mwaka 1985 Greg Stafford naye alitoa mchezo wa Pendragon, ambamo kila mwaka wa hadithi huishia kwa msimu wa baridi, na kila askari wa farasi hana budi kuhesabu mavuno yake, farasi wake waliokufa na watoto wake waliozaliwa. Hapo ngome yawa nyumba.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ngome za kweli, ukizifungua, zina mambo kuliko majoka yote.

Itazame Qal'at al-Hisn ya Shamu, ambayo Wazungu huiita Krak des Chevaliers. Kila achoraye ngome ya mchezo, ajue asijue, huchora kivuli chake: kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na njia ya kuingilia yenye giza na kona ili adui asiweze kukimbia moja kwa moja. Wengi wadhani ni kazi ya wapiganaji wa Msalaba tangu msingi. La. Mwaka 1031 amiri wa Homs alikuwa tayari ameweka askari wa Kikurdi pale, ndiyo maana ikaitwa Hisn al-Akrad, ngome ya Wakurdi. Wapiganaji wa Msalaba wa chama cha Hospitali waliipata katika miaka ya 1140, wakaipanua mpaka ikaweza kutia watu kiasi cha 2,000, pamoja na ghala, matanuri, mazizi na mabirika ya maji. Salahuddin mwenyewe alifika mbele yake mwaka 1188, akaitazama, akaenda zake. Sultani Baybars ndiye aliyeitwaa, mwaka 1271, na masimulizi yasema kwamba kilichoufungua ule ukuta wa ndani ni barua ya kughushi iliyowaambia walinzi kuwa mkubwa wao amewaruhusu kusalimu amri. Aliwaacha waende zao salama. Kanisa la ndani likawa msikiti. Ngome hiyo ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mwaka 2013, kwa ajili ya vita vya Shamu vilivyoijeruhi, ikaandikwa miongoni mwa urithi ulio hatarini.

Hebu fikiri: msimulizi mwenye habari hiyo ana haja gani ya joka? Nani aliiandika barua ile? Nani aliitilia shaka akanyamaza kwa njaa?

Au iangalie Alamut, katika milima ya Uajemi. Hasan-i Sabbah aliitwaa mwaka 1090 kwa hila, bila vita. Kutokana na masimulizi juu ya wafuasi wake, lugha za Ulaya zilipata neno lao la muuaji wa siri, na mwaka 1975 muuaji huyo akaingia katika mchezo wa Gygax kama mmoja wa watu ambao mchezaji aweza kuwa. Wachezaji wangapi wajua kwamba Alamut ilikuwa na maktaba yenye sifa? Wamongolia walipoiangusha mwaka 1256, mwanahistoria Juwayni aliruhusiwa kuingia maktabani. Aliokoa misahafu na vyombo vya kutazamia nyota, vilivyosalia akavitia moto. Kisu kiliingia mchezoni. Maktaba haikuingia.

Haki lazima isemwe: wenyewe hawakutusahau kabisa. Mwaka 1992 kampuni ile ile ilitoa nchi ya kubuni iitwayo Al-Qadim, yenye makadhi, mabaharia na ukarimu kwa wageni, ambamo mwenye kilemba aweza kuwa shujaa. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini ilichotwa zaidi katika Alfu Lela Ulela kuliko katika maisha ya watu. Mgeni akikusimulia nyumba yako atasimulia lango, kwa kuwa hapo ndipo alipofika.

Na sisi tulio ndani twasimulia nini? Kijana yule kila siku apita chini ya kuta ambazo Giovanni Battista Cairati, Mtaliana, alizichorea Wareno, zikaanza kujengwa mwaka 1593. Ndani ya Ngome ya Yesu, tarehe 16 Agosti 1631, aliingia Sultani Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa ameuawa kwa fitina ya Wareno yeye akiwa mtoto. Walimchukua Goa, wakambatiza, wakamfunza, wakamrudisha Mombasa awe mfalme wa kuwatii. Siku hiyo alimwua kapteni kwa mkono wake, akarudi katika Uislamu, akaishika ngome. Na mwaka uliofuata akaiacha akashika bahari. Kwa nini aliiacha? Hilo ni swali la mikutano kumi ya barazani.

Au wakati wa mazingira ya Waomani, kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698. Maradhi na njaa viliua zaidi kuliko panga. Ikafika siku mwaka 1697 ambapo Wareno wa ndani walikuwa wamekwisha kufa, na aliyekuwa akiishika ngome ni Bwana Daudi wa Faza, Mswahili na Mwislamu, pamoja na jamaa zake na wanawake waliosimama kutani wakipigana. Alikuwa upande wa nani, na kwa nini? Alikosea? Wewe ungalikuwa mahali pake ungalifanyaje? Hapa hakuna mfalme wa wabaya wa kuuawa chumba cha mwisho. Kuna watu, kiu na ahadi.

Hata neno lenyewe lina funzo. Jina la mchezo latokana na neno la Kifaransa donjon, ambalo zamani lilikuwa mnara mkubwa, makao ya bwana mwenye ngome. Baadaye, kwa Waingereza, likashuka chini likawa shimo la wafungwa. Nasi neno letu gereza twaambiwa lilitoka kwa Wareno, kwao likiwa kanisa. Kwetu likawa ngome, kisha likawa mahali pa kufungia watu, na Ngome ya Yesu yenyewe ilikuwa jela kutoka 1895 hadi 1958. Huku na huku, makao ya watu yamegeuka shimo. Kazi ya msimulizi mzuri ni kulirudisha neno juu: atazame shimoni akumbuke kwamba hapa waliishi watu.

Basi jawabu letu kwa mzazi ni hili. Usichome. Weka masharti, nayo ni haki yako: fedha isiwekwe, sala isipitwe, masomo yasiharibike, baraza ivunjwe kwa saa inayojulikana, na la dadu aulizwe shekhe. Kisha kaa nao usiku mmoja usikilize. Huenda ukasikia vijana watano wakishauriana na kungojeana zamu, mambo ambayo simu haiwafundishi.

Na jawabu letu kwa kijana ni hili. Kalamu yako ni njema, itie maji. Chora kisima kwanza, kisha jiko, kisha mahali pa kuswalia, ndipo uweke mnara. Kila umwekaye ngomeni, mjue jina lake, chakula chake na anachokiogopa. Na yule wa chumba cha mwisho, mvue kile kilemba au mpe habari yake. Ukishindwa kujua afanya nini pale, nenda kwa mwenye kilemba wa nyumbani kwenu umuulize habari za Mombasa. Joka la Wisconsin si haramu kulipenda. Lakini wale wa Blackmoor walishuka shimoni kutafuta hazina, na waliporudi juu walikuta ngome yao ina wenyewe wengine.

Tumemrudishia mzee bahasha yake, na karatasi zote tano zi salama. Tumemwongezea ya sita, tupu, kijana achore ngome anayoijua. Mcheza kwao hutuzwa.